Mapatano ya Njia ya Bara na Mapatano ya Programu

Njia iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo na Mgunda Mkali, ikafika Tabora na kuendelea hadi Ujiji, imeandikwa sana na wanahistoria wa biashara, wa utumwa na wa dini. Katika makala haya nakusudia kuitazama kwa upande mwingine, yaani kama historia ya mapatano kati ya watu wasiojuana. Haja ya kufanya hivyo ni ya leo. Vijana wa nchi yetu wanaounda programu za kompyuta hufanya kazi ambayo kiini chake ni mapatano ya namna hiyohiyo. Na sisi tunaoshughulika na lugha bado hatujawapa maneno ya kutosha ya kuisemea kazi yao, wala vipimo vya kuwaonyesha kama kazi hiyo yakifaa Kiswahili.

Nitadai mambo mawili. La kwanza ni kwamba njia ile ilipitika pale ambapo masharti ya kuomba na ya kujibu yalijulikana kwa pande zote mbili, na ilikatika pale yalipobadilishwa na upande mmoja. La pili ni kwamba maneno yaliyozaliwa au kuenezwa na njia hiyo yalikaa kwa sababu yalipimwa kila siku na waliolazimika kuyatumia. Istilahi zetu za kompyuta zimekosa kipimo hicho, na twaweza kukirudisha.

I. Patano ni nini katika programu

Yafaa kwanza kueleza kitu chenyewe, maana wasomaji wengi wa jarida hili ni wataalamu wa lugha wala si wa mitambo. Programu ni mfululizo wa maagizo ambayo kompyuta huyafuata. Mwaka 1951 Maurice Wilkes, David Wheeler na Stanley Gill wa Chuo Kikuu cha Cambridge walitoa kitabu kilichoonyesha jinsi ya kukusanya vipande vya maagizo vilivyokwisha kuandikwa, ili mtu mwingine avitumie katika programu yake bila kuviandika upya. Mtumiaji wa kipande hakuhitaji kujua yaliyomo ndani yake. Alihitaji kujua mambo matatu tu: kipande hiki chataka kupewa nini, kitarudisha nini, na kitafanya nini kikipewa kisichofaa. Mambo hayo matatu ndiyo patano.

Jina la Kiingereza la patano hilo, ambalo kwa herufi zake za kwanza huitwa API, lilitumiwa na Ira Cotton na Frank Greatorex katika maandishi yao ya mwaka 1968. Mwaka 2000 Roy Fielding, katika tasnifu yake ya udaktari huko California, alieleza kanuni za kuunganisha kompyuta zilizo mbali mbali kupitia mtandao, na mapatano mengi ya leo hufuata kanuni hizo. Kompyuta moja hutuma ombi. Nyingine hutoa jibu lenye namba ya tarakimu 3. Namba ikianza na 2, ombi limekubaliwa. Ikianza na 4, kosa ni la mwombaji. Ikianza na 5, kosa ni la mwombwa. Namba 404, ambayo hata wasio mafundi wameiona, yasema kwamba kilichoombwa hakipo. Iko pia namba 402, iliyotengwa kwa maana ya kwamba malipo yatakiwa kwanza, ingawa haitumiki sana. Mgogo wa mwaka 1857 angeielewa upesi.

Pamoja na patano ziko zana mbili ambazo fundi wa leo hawezi kuziacha. Ya kwanza ni jaribio. Jaribio ni programu ndogo inayoiuliza programu nyingine swali ambalo jibu lake lajulikana, kisha hulinganisha jibu lililotoka na jibu lililotazamiwa. Majaribio huhifadhiwa, na kila mara programu ibadilishwapo, hata kwa herufi moja, huendeshwa yote upya. Yako majaribio ya kipande kimoja, yako ya viungo kati ya vipande, na yako ya safari nzima tangu mwanzo hadi mwisho. Edsger Dijkstra wa Uholanzi alionya kwamba majaribio huweza kuonyesha kuwapo kwa kosa, lakini hayawezi kuonyesha kwamba hapana kosa lililobaki. Onyo hilo halikuwafanya mafundi wayaache, liliwafundisha kuyaongeza.

Zana ya pili ni kumbukumbu ya matoleo. Tangu Linus Torvalds alipotoa Git mwaka 2005, imekuwa desturi kwamba kila badiliko huandikwa: nani kalifanya, lini, na kwa sababu gani. Patano nalo hupewa namba ya toleo. Likibadilika kwa namna itakayowavunjia kazi wanaolitegemea, namba kubwa hubadilika, na toleo la zamani huachwa likifanya kazi kwa muda, likiwa limetiwa alama ya kwamba litafungwa. Hizi zote ni njia za kuishi na watu usiowaona. Basi na tugeukie Unyamwezi, ambako haja hiyo ni ya zamani.

II. Njia na vipimo vyake

Burton na Speke waliondoka pwani katikati ya mwaka 1857 wakafika Kazeh, katika Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba mwaka huo. Walikuta mji wa wafanyabiashara Waarabu na Waswahili katika nchi ya Unyanyembe, chini ya mtemi wa Kinyamwezi. Hawakugundua njia, maana Wanyamwezi walikuwa wameifuata hadi pwani kabla yao, wakibeba pembe za ndovu. Walichokuta ni utaratibu uliokamilika, ambao mgeni aliweza kuuingia ikiwa alikubali masharti yake.

Utaratibu huo ulisimama juu ya vipimo. Uzito ulihesabiwa kwa frasila, ambayo ni kama pauni 35, na mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama frasila 2. Nguo zilihesabiwa kwa mikono, tangu kiwiko hadi ncha ya kidole: mikono 4 ilikuwa shuka, na shuka 2 zilikuwa doti. Nguo yenyewe ilikuwa na jina lake: marekani, yaani pamba isiyotiwa rangi kutoka Marekani, au kaniki, ya rangi ya nili kutoka Bara Hindi. Ushanga ulikuwa wa aina nyingi, na aina iliyopendwa katika nchi moja ilikataliwa katika nchi ya pili. Stanley alipofunga mizigo yake Unguja mwaka 1871 alilazimika kwanza kuuliza wajuzi ni ushanga gani upokewao wapi, maana kubeba usiotakiwa ni kubeba mawe. Fundi wa programu angesema kwamba kila mlango una aina yake ya data, na ombi lisilo la aina hiyo hurudishwa.

Kisha kulikuwa na hongo. Katika Ugogo, nchi kavu ambako wenye visima walikuwa na nguvu juu ya mwenye kiu, msafara ulisimama kwa kila mkubwa wa nchi, ukatangaza ukubwa wake, ukaambiwa kiasi, ukabishana, ukalipa, ndipo ukapewa ruhusa ya maji na ya kupita. Wasafiri wa Ulaya waliilalamikia sana hongo katika vitabu vyao. Lakini vitabu hivyohivyo vyashuhudia kwamba haikufichwa: ilidaiwa mchana, mbele ya watu, kwa wajumbe maalumu, na aliyelipa alipita. Ombi, sharti, jibu.

Majaribio nayo yalikuwapo. Mpagazi aliuinua mzigo kabla ya kuukubali, na mzigo uliozidi ulizua ugomvi hapo hapo, kambini, mahali ambapo ugomvi haukugharimu kitu. Nguo ilipimwa kwa mkono wa mpokeaji. Na kwa kuwa mkono wa mtu mmoja si sawa na wa mwingine, kipimo chenyewe kilikuwa jambo la kujadiliwa. Mahali hapo patano lilikuwa na udhaifu, na wote waliujua.

Iko desturi moja ambayo Burton ameieleza, nami naiona kuwa na maana kubwa kwa mada yetu. Kirangozi, aliyetangulia mbele na bendera, alipofika penye njia panda aliifunga ile isiyofaa kwa kuchora mstari ardhini, au kwa kuweka kitawi cha majani juu yake, ili walio nyuma wasipotee. Njia ile haikufutwa. Iliendelea kuwapo, lakini ilikuwa na alama. Mafundi wa leo hufanya vivyo hivyo wanapotia alama toleo la zamani.

Sitaki msomaji adhani kwamba naisifu njia ile. Ilipitisha wapagazi huru wa Kinyamwezi waliojadili ujira wao, lakini ilipitisha pia watumwa waliofungwa, ambao hakuna aliyepatana nao. Patano zuri kati ya wenye mali laweza kubeba dhuluma ndani yake bila kelele. Hilo nalo ni somo kwa wanaounda mapatano ya programu, ambamo habari za mtu hupita kutoka mlango hadi mlango pasipo mwenyewe kuulizwa.

III. Njia ilipokatika

Mambo matatu yaliyotukia katika njia hii yaonyesha jinsi patano lilivyovunjika.

La kwanza ni la Mnywa Sere, aliyekuwa mtemi wa Unyanyembe baada ya kufa kwa Fundikira. Alitoza ushuru juu ya mali za wafanyabiashara, ambao kabla yake hawakuulipa. Kwa haki ya nchi yake alikuwa na hoja. Lakini masharti yaligeuzwa juu ya watu waliokwisha kujenga biashara yao yote kwa masharti ya zamani, nao walikuwa na bunduki. Takriban mwaka 1860 walimwondoa wakamweka Mkasiwa. Vita vilivyofuata vilidumu hadi Mnywa Sere alipouawa mwaka 1865.

La pili ni la Mirambo wa Urambo. Mwaka 1871, baada ya ugomvi wake na wafanyabiashara wa Tabora, aliifunga njia ya Ujiji. Waarabu walimshambulia, Stanley akiwa pamoja nao, wakashindwa. Njia nzima ya magharibi ikawa imesimama kwa kufungwa mahali pamoja. Stanley ilimbidi azunguke kusini kupitia Ukonongo, akafika Ujiji Novemba 1871. Kila fundi aliyepata kuona mfumo mkubwa ukisimama kwa sababu mlango mmoja haujibu atatambua hali hiyo, na atajua pia thamani ya kuwa na njia ya pili. Mirambo alikuja kupatana na wafanyabiashara katikati ya miaka ya 1870, akatawala kwa nguvu hadi alipokufa mwaka 1884.

La tatu ni dogo, lakini ndilo limfaalo zaidi fundi. Livingstone alipofika Ujiji Oktoba 1871, mgonjwa na bila akiba, alitazamia kukuta mali aliyotumiwa kutoka Unguja. Mali ilikuwa imefika. Lakini Sherifu aliyekabidhiwa alikuwa ameiuza, akidhani au akidai kwamba mwenyewe amekufa. Ombi lilitumwa, mzigo ulisafiri, ulipokewa. Hapakuwa na jibu la kumwambia mtumaji kwamba umefika mkononi mwa mwenyewe. Patano lisilotaka jibu la mwisho ni patano nusu.

IV. Maneno yaliyobaki

Sasa nageukia lugha. Kiswahili kilikwenda bara kwa miguu ya wapagazi, na Kinyamwezi kilikuja pwani kwa miguu hiyohiyo. Edward Steere, mapema katika miaka ya 1870, alichapisha mkusanyo wa sarufi na maneno ya Kinyamwezi kama kilivyosemwa Unyanyembe, na kazi hiyo aliifanya akiwa Unguja, kwa kuwa wasemaji walikuwa wakimfikia huko.

Tukiyatazama maneno ya njia, twaona kwamba hayakutoka katika chungu kimoja. Frasila na hawala yalipitia Kiarabu. Doti lilitoka Bara Hindi. Marekani ni jina la nchi lililogeuka kuwa jina la nguo. Hongo, mpagazi na mnyapara ni ya Kibantu. Hakuna aliyeuliza neno limetoka wapi kabla ya kulikubali. Swali lilikuwa: tukilitamka wewe na mimi, je, twapata kitu kilekile? Neno lililoshindwa katika jaribio hilo lilizua ugomvi penye mizani, na halikurudi.

Historia ya maneno hayo baadaye yafundisha vilevile. Doti halikubadilika: mwanamke wa leo anunuaye khanga dukani Tabora hununua doti, na yeye na mwuzaji hawana haja ya kuelezana kwamba ni vipande viwili. Posho, iliyokuwa chakula cha safari, imekuwa fedha za kikao. Mnyapara, aliyekuwa mkubwa wa kundi la wapagazi, ameshuka hadi kuwa msimamizi wa vibarua au wa wafungwa. Na hongo, ambayo ilikuwa ada ya njia iliyodaiwa hadharani, leo yamaanisha rushwa. Mamlaka ya kutoza ada yaliondoka mikononi mwa watemi, yakahamia kwa serikali na ushuru wake. Lile jina likabaki na malipo yasiyo na uhalali. Patano likibadilika na neno lisipopewa toleo jipya, neno hubeba aibu ya mabadiliko.

Neno hawala lastahili kutajwa peke yake. Wafanyabiashara wa bara walikopeshwa na matajiri wa Unguja, kama Taria Topan aliyemkopesha Tippu Tip, na deni liliweza kuhamishwa kwa karatasi bila fedha yenyewe kusafiri. Baadaye tulikuwa na hawala ya posta. Maana yake ya asili, yaani kuhamisha haki ya malipo kwa ujumbe tu, ndiyo maana halisi ya kile ambacho simu zetu hufanya leo.

V. Kutoka reli hadi simu

Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikauondoa mzigo katika bega la mpagazi. Haikuondoa haja ya patano. Iliitia katika chuma. Reli hiyo ina upana wa milimita 1000 kati ya vyuma vyake. Reli ya TAZARA ina milimita 1067. Kwa tofauti ya milimita 67 tu, behewa la moja haliwezi kuingia katika nyingine, na mwaka 1998 ilibidi kuwekwe Kidatu kituo cha kuhamishia mizigo. Pale pande mbili zisipopatana mapema, mtu hulazimika kusimama katikati milele akihamisha.

Kompyuta ya kwanza ya Serikali ya Tanzania iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na marufuku hayo yalichukua miaka mingi kulegezwa. Kwa hiyo kizazi cha kwanza cha wataalamu wetu kilikatizwa mapema, na walioanza upya walianza kwa Kiingereza.

Fedha za simu zilipoingia, M-Pesa ikianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, kila kampuni ilikuwa kama nchi yenye ushanga wake. Mtu wa mtandao mmoja akimtumia wa mtandao mwingine, mpokeaji alipata namba tu, akaenda kuchukua fedha kwa wakala wa kampuni ya mtumaji. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel walipatana kupokeleana fedha moja kwa moja, na mwaka 2016 Vodacom wakaingia. Tanzania ikawa miongoni mwa nchi za mwanzo duniani kufanya hivyo. Kisha, tangu mwaka 2017, mfumo wa malipo ya Serikali uitwao GePG umeziunganisha ofisi za umma na benki na kampuni za simu. Mwananchi wa Tabora alipaye ada hupewa namba ya kumbukumbu ya malipo. Nyuma ya namba hiyo programu za pande tatu au nne huulizana na kujibiana kwa muda mfupi kuliko kufungua mlango.

Lakini mwananchi huyo haiiti namba ya kumbukumbu ya malipo. Huiita kontroo namba. Kwa nini? Kwa sababu karani aliisema hivyo, kwa kuwa fundi aliisema hivyo, kwa kuwa patano liliandikwa kwa Kiingereza. Neno lilishuka pamoja na programu. Istilahi ya Kiswahili iliyoandikwa katika hati haikupita njia ile, basi haikufika.

VI. Majaribio ya lugha

Haina maana kwamba hapana aliyefanya kazi. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na washirika kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu ya ofisi iliyosema Kiswahili tangu orodha ya kwanza hadi ya mwisho. Katika miaka hiyohiyo Microsoft nao walitoa sura ya Kiswahili ya programu zao. Wataalamu wa lugha yetu walishiriki, na maneno kama kivinjari, kiungo na kabrasha yaliletwa mbele ya watu. Nayataja kwa heshima. Ila kazi ilifanywa kama kamusi inavyofanywa: ikakamilishwa, ikatolewa, ikaachwa. Programu zilibadilika mwaka baada ya mwaka. Faharasa haikuwa na jaribio la kuonyesha neno gani limeshindwa, wala toleo la kuonyesha limebadilishwa na lipi. Hata leo twabishana juu ya kompyuta, tarakilishi na ngamizi, na mtu huombwa nenosiri mahali pamoja na nywila mahali pa pili, asijue kama ni kitu kimoja.

Ziko sababu tatu za ndani ya lugha zinazotulazimisha sisi, wala si mafundi peke yao, kuandika majaribio.

Ya kwanza ni ngeli. Kwa Kiingereza fundi aweza kuandika sentensi yenye nafasi tupu ya jina, na kitenzi kikabaki vilevile kwa kila jina litakalojazwa. Kwa Kiswahili faili limefutwa, ujumbe umefutwa, kiungo kimefutwa, picha imefutwa, mtumiaji amefutwa. Sentensi yenye nafasi tupu haiwezekani ikiwa patano halikubeba ngeli ya jina pamoja na jina lenyewe. Kanuni za wingi ambazo programu za ulimwengu huzitumia, katika mkusanyo wa Unicode uitwao CLDR, hutoa kwa Kiswahili mafungu mawili: moja, na namba nyinginezo. Mafungu hayo ni sahihi kwa hesabu, lakini hayasemi lolote juu ya upatanisho wa ngeli.

Ya pili ni saa. Msemaji wa Kiswahili huanza kuhesabu saa za mchana baada ya mapambazuko: kinachoandikwa 08:00 ni saa 2 asubuhi. Programu ikimwandikia mgonjwa wa Tabora kwamba afike "saa 8:00", aweza kufika saa 8 mchana, saa 6 nzima baada ya zamu yake kupita. Hapana mtambo ulioharibika hapo, na jaribio la fundi asiyejua Kiswahili litapita salama.

Ya tatu ni siku. Jumamosi ni ya kwanza, na Jumatatu, kwa jina lake, ni ya tatu. Katika kanuni ya kimataifa ya tarehe Jumatatu ni siku ya 1. Anayetafsiri namba kuwa majina bila orodha iliyopimwa atakosea siku 2.

Majaribio haya hayaandikwi na mtu mwingine. Fundi wa California hajui kwamba yahitajika. Na fundi wa Dar es Salaam, ajapojua kwa sikio, hakufundishwa kuyaeleza kama kanuni. Sisi twajua kanuni. Kwa hiyo napendekeza kwa taasisi zetu mambo manne.

Kwanza, kila istilahi ya kompyuta itolewe pamoja na sentensi za kuipima: umoja na wingi, kitenzi, kivumishi na kimilikishi, zikiwa zimeandikwa kwa namna ambayo programu yaweza kuzisoma. Neno lisilokubali kupatanishwa vizuri lijulikane kabla halijatoka.

Pili, faharasa iwe na toleo na tarehe, na neno lililoachwa lisifutwe. Litiwe kitawi cha kirangozi, likionyesha njia mpya ni ipi.

Tatu, neno lipelekwe kwa wale watakaolibeba: wakala wa fedha za simu, karani wa hospitali, mwanafunzi wa sekondari. Waulizwe wamefahamu nini, na majibu yahesabiwe. Wakikataa neno letu na kushika la mkopo, tulipokee kama babu zetu walivyopokea doti. Seva na programu zimekwisha kupita jaribio hilo.

Nne, tujadili majina ya zana zenyewe. Kwa API hutumika neno kiolesura, lakini sikio husikia humo sura, na patano la programu halina sura, hakuna alionaye. Kiolesura na kibaki kwa kile kinachoonekana katika kioo cha simu. Kwa lile lililofichika nathubutu kuweka mbele patano. Kwa kipimo chake, jaribio. Kwa hali yake ya wakati fulani, toleo. Na kwa njia inayoachana na nyingine ili kazi mpya ifanywe bila kuharibu ya zamani, tawi.

Najua pingamizi litakalotolewa, kwamba mafundi wote husoma Kiingereza, na patano la programu husomwa na mafundi tu. Lakini programu ikikataa, jibu lake humfikia mwananchi kwenye simu, usiku, fedha zake zikiwa zimeondoka na hazijafika. Wakati huo namba ya tarakimu 3 haimfai. Ataka kuambiwa kwa lugha yake kama kosa ni lake au ni la waliompokea, na kama mali yake iko Tabora au iko Ujiji. Fundi hataweza kumwandikia jibu hilo sawasawa ikiwa yeye mwenyewe hana maneno ya kulifikiria, na kuyatafuta maneno hayo, kuyapima na kuyaandikia toleo ni kazi ya jarida hili na ya wasomaji wake.